Nani Yuko kwa Nani

Kwetu Brekken majira ya kuchipua hayaji kwa upole. Mto unapasuka. Barafu iliyolala miezi mitano inavunjika kwa mlio wa bunduki, mapande makubwa kama milango ya ghala yanapandana, yanang'oa miti ya kingoni, na kila baada ya miaka michache yanaondoka na daraja la mtu. Ng'ombe wanazaa wote kwa mpigo, na nusu ya ndama lazima wavutwe kwa mnyororo. Wanaume waliofungiwa ndani na theluji tangu Novemba wanatoka na hasira zao zote, wanaingia kwenye karamu ya chapati za maji ya kikosi cha zimamoto, na kabla sahani hazijaisha kuna mtu yuko chini anatokwa damu. Halafu Alhamisi gazeti linakuja, unasoma safu ya Ardis Kvale, na unadhani mji mzima ulikuwa kanisani unaimba.

"Karamu ya zimamoto ilihudhuriwa vizuri," aliandika mwaka ule Clifford Moen alipomng'oa binamu yake meno mawili kwa birika la shira. "Chapati zilikuwa laini."

Ardis aliandika safu hiyo, Habari za Brekken, miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye miguu iliyovimba na masikio ya sungura. Kila Jumatatu asubuhi alijimiminia kahawa, akavuta simu karibu na taipureta, akazungusha namba za watu kwa zamu. Nani alikuja kwenu Jumapili? Walitoka wapi? Walikula nini? Hakuwa mmbea, na ukimwita hivyo alinuna wiki nzima. Mmbea hutia chumvi. Yeye hakutia chumvi hata punje. Kama wageni wa Bibi Fulani walikuwa wanne, aliandika wanne, na kama mmoja alikuwa mtoto mchanga, alimwandika kwa jina lake. Watu wakibishana dukani, akitokea mtu akasema "Ardis ameandika," ubishi ulikufa pale pale.

Alikuwa na sheria moja aliyorithi kwa mwandishi aliyemtangulia: safu haiandiki ugomvi, pombe wala talaka. Mtu akijinyonga, safu husema ametutoka ghafla. Ardis aliiona sheria hiyo kuwa ndiyo adabu yenyewe. Sisi pia. Ilitufaa sana, hasa wale kati yetu waliokuwa na mikono myepesi.

Mmoja wao alikuwa Duane Roske. Duane alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka karibu na reli, jitu la futi sita na ushei, mcheshi, mtu wa kukuvuta gari lako kutoka kwenye matope kisha akatae hata kikombe cha kahawa. Alibeba jeneza la kila mzee aliyekufa Brekken kwa miaka kumi. Mkewe Lorna alipika shuleni. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minne, na alicheka akiwa ameziba mdomo.

Machi ya mwaka wa mafuriko, wanawake wa kanisa walikutana kufanya usafi wa Pasaka. Lorna alikuwa juu ya ngazi anaosha madirisha, Ardis yuko chini ameshika ndoo. Skafu ya Lorna ikateleza. Shingoni kulikuwa na alama nne za rangi ya zabibu upande mmoja, na moja upande wa pili.

"Habari za nyumbani, Lorna?" Ardis aliuliza.

"Salama tu, Bi. Kvale."

"Duane hajambo?"

"Hajambo. Nipe kitambaa kikavu."

Ardis akampa kitambaa. Alhamisi tukasoma kwamba Bi. Lorna Roske aliosha madirisha yote kumi na mawili bila msaada.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, zamu ya simu ilifika kwa Selma Tveit, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mto, maili kumi na moja kutoka mjini. Selma hakuwa na wageni na ilimuuma.

"Mimi sina kitu, shoga, ila jirani zangu kwa Aasen wamejaa. Lorna yuko kwa dada yake Gudrun tangu Ijumaa. Nimemwona anaanika nguo."

"Amekuja na Duane?"

"Peke yake. Nadhani anawasaidia kazi ya ndama. Gudrun ana ng'ombe arobaini wa kuzaa na mumewe Arvid mgongo wake si mgongo."

Vidole vya Ardis vilisita juu ya taipureta. Alizikumbuka zile alama za shingoni. Alikiri hivyo mwenyewe baadaye, hakujificha. Lakini vidole vilikuwa na mazoea ya miaka thelathini, na ile ilikuwa habari: mtu fulani yuko kwa mtu fulani. Vikaandika. "Bi. Lorna Roske yuko kwa dada yake, Bi. Gudrun Aasen, ng'ambo ya mto, akisaidia msimu wa ndama."

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi Ardis alikuwa mgahawani kama kawaida. Duane alikuwa meza ya dirishani, mayai matatu na nyama mbele yake, gazeti limekunjwa kando ya sahani. Siku sita alikuwa akiwaambia watu mkewe ana mafua. Ardis alimwona anasoma huku anatafuna. Kisha akaacha kutafuna. Akalikunja gazeti taratibu, mara mbili, akalitia mfukoni, akainuka akaacha mayai yake nusu, akapita kwenye meza ya Ardis na kumshika bega.

"Asante, Bi. Kvale," alisema. "Safu nzuri wiki hii."

Mlango ukafungwa. Ardis akabaki na kijiko hewani. Lile neno asante lilimwingia polepole. Akakimbilia simu ya ukutani, akapiga kwa Aasen. Ikaita, ikaita. Hakuna aliyepokea, kwa sababu msimu wa ndama watu wote wako zizini. Hilo hata mtoto wa Brekken analijua. Akampigia sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, akaambiwa yuko kusini anajaza viroba vya mchanga kwa ajili ya mafuriko. Akaingia kwenye gari lake.

Maji yalikuwa yamepanda darajani, na mapande ya barafu yalikuwa yakigonga nguzo kiasi kwamba usukani ulitetemeka mikononi mwake. Alivuka akipiga kelele peke yake.

Gari la Duane lilikuwa uani kwa Aasen, mlango wazi. Arvid alikuwa amelala kwenye matope mbele ya zizi, ameshika goti lililogeukia upande usio wake. Ndani kulikuwa na ng'ombe aliyefungwa kwenye nguzo, miguu miwili ya ndama inaning'inia nyuma yake, hakuna wa kumvuta. Duane alikuwa ameuzungusha mnyororo wa ndama kwenye ngumi, mara tatu, na alikuwa anampiga nao Lorna, ambaye alikuwa anatambaa chini ya mbao za uzio. Duane hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anahesabu. "Siku sita," alisema, akapiga. "Siku sita nakula mayai ya mgahawa." Akapiga. Gudrun alikuwa mgongoni kwake kama mtoto, amemng'ata sikio, na Duane alikuwa hahisi.

Na Ardis? Ardis alisimama mlangoni na mkoba wake. Hakuinua kitu, hakusema kitu. Alisimama akatazama, kama alivyotazama maisha yake yote. Gudrun ndiye aliyeshuka mgongoni, akachukua uma wa majani makavu na kumchoma nao Duane pajani, meno matatu hadi kwenye mfupa, akausukuma mpaka akaanguka. Kisha, huku analia, akaenda kumvuta ndama, kwa sababu ng'ombe alikuwa anakufa. Ndama alitoka amekwisha kufa.

Lorna alipoteza jicho la kushoto na mbavu nne zilivunjika. Ardis alikwenda hospitali siku ya tano na kopo la biskuti. Alijua biskuti ni upuuzi, lakini hakuweza kwenda mikono mitupu.

"Nilikosa, Lorna," alisema. "Niliiona shingo yako. Niliona kisha nikaandika."

Lorna alimtazama kwa jicho moja. "Keti," alisema. "Nikitoka hapa naondoka. Hakuna atakayejua, hata Gudrun, kwa sababu Gudrun akibanwa atasema kwa ajili ya watoto wake. Nitakuambia wewe peke yako."

"Mimi? Mungu wangu, usiniambie mimi!"

"Ndiyo, wewe. Uliandika nilipo, sasa utapaficha. Sogea." Akamnong'oneza jina la mahali. "Sasa unalo. Siku likitoka mdomoni mwako, ujue ni wewe uliyeniua. Beba na biskuti zako."

Ardis alilia njia nzima kurudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na habari ambayo hakumwambia mtu. Mimi ninayesimulia pia siijui.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa tano. Watu kumi na mmoja wa Brekken waliandika barua kumtetea Duane, wakimweleza hakimu habari za magari aliyoyavuta na majeneza aliyoyabeba. Alipewa miezi kumi na mmoja katika jela ya wilaya, kuanzia siku aliyokamatwa. Wiki hiyo safu ilisema Bwana Arvid Aasen anauguza goti. Nayo ilikuwa kweli.

Majira ya baridi yakapita. Machi ikafika, na mji ukaanza kuzungumza kwamba Duane anatoka mwisho wa mwezi, kwamba jamaa wa ghala wamemwekea kazi yake. Mama yake alikuja kwa Ardis na pai ya tufaha na macho mekundu. "Mwanangu amebadilika," alisema. "Anataka tu kumwomba msamaha mkewe. Wewe ulimwona hospitali, mama. Hakukwambia chochote?" Ardis alisema hapana. Akagundua kwamba uongo si mgumu kama alivyofundishwa. Unatoka laini, tena unakuacha na nafasi ya kipande cha pai.

Alikaa na wazo hilo siku mbili. Duane angetafuta, hilo halikuwa na shaka. Angeanza na Gudrun, na safari hii Arvid hangeweza hata kusimama. Kwa hiyo Jumatatu Ardis alijimiminia kahawa, akavuta taipureta, na baada ya wageni wa Bibi Moen na kabla ya usafi wa kanisa akaandika hivi: "Bi. Lorna Roske, aliyekuwa mkazi wa hapa, amepiga simu kutoka Yuma, Arizona, ambako anafanya kazi katika ghala la malimau. Anasema jua ni kali na anawasalimu wote."

Haikuwa na neno la kweli. Hakuna aliyetilia shaka. Wanawake walisema masikini, angalau amepata joto. Mama yake Duane aliikata kwa mkasi na kuituma jela kwa posta. Duane alitoka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Jumamosi alikuwa barabarani.

Akarudi Aprili ishirini na sita, saa nne asubuhi. Ardis alikuwa jikoni, madirisha yako wazi, mapazia yamelowekwa. Duane hakubisha hodi. Uso wake ulikuwa umebabuka kwa jua na alikuwa amekonda.

"Nimezunguka Yuma siku kumi na tisa," alisema. "Kila ghala la malimau. Nilionyesha picha yake. Wameksiko wakawa wananicheka."

"Jua lilikuwaje?" Ardis akamuuliza.

Hajui mwenyewe ujasiri ule aliutoa wapi. Sauti ya Duane ilipotoka ilikuwa karibu na kilio. "Uliandika gazetini! Gazetini, Bi. Kvale! Mtu mzima kama wewe!"

"Niliandika."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Unajua kuku wa kila mtu wametaga mayai mangapi! Yuko wapi?"

Alimkamata kifundo cha mkono wa kulia, akaulaza mkono mezani, akainua taipureta kwa mkono mmoja, ile ya chuma, nzito kama ndama, akaiangushia juu yake. Mfupa ulilia kama barafu ya mtoni. Jina la mahali pale lilimpanda Ardis kooni pamoja na matapishi, na akavimeza vyote viwili.

"Yuko wapi?"

"Ulizia Yuma," alisema. "Labda hukutazama vizuri."

Akainua taipureta tena. Jikoni kwetu birika la kahawa halitoki motoni tangu alfajiri hadi mchana. Lilikuwa kwenye moto, limejaa, linachemka pamoja na machicha. Ardis alilifikia kwa mkono wa kushoto na kummwagia usoni. Duane alipiga yowe ambalo Selma Tveit aliapa alilisikia ng'ambo ya mto. Taipureta ikamwangukia mguuni. Akapiga magoti akiwa ameshika macho, na Ardis Kvale, mwenye miaka sitini na tisa, mweka hazina wa umoja wa wanawake wa kanisa, akampiga kwa birika kichwani. Akampiga tena. Akampiga mpaka mpini ukatoka, kisha akaendelea na kilichobaki. Nasema kama alivyosema yeye mwenyewe: alifurahi. Alitamani awe na mikono miwili.

Majirani waliingia na kumtoa birika mkononi. Duane alichukuliwa kwa machela, na sherifu akaichukua taipureta kama ushahidi.

Jumatatu simu ya Ardis ilianza kulia kabla hajaigusa. Mkono ulikuwa kwenye plasta hadi begani. Wa kwanza alikuwa Selma.

"Pole sana, shoga yangu. Unalala usiku?"

"Nalala."

"Duane wanasema anaona ukungu tu." Selma akakohoa. "Lakini Ardis, hiyo habari ya Yuma ulitoa wapi?"

"Kichwani."

"Ulitudanganya," Selma akasema.

"Nilimdanganya Duane."

"Duane hakusoma peke yake. Mimi niliwaambia watu. Nilimwambia mchungaji! Sasa nitaonekana nani?"

Baada ya Selma akapiga Bibi Moen, baada ya Bibi Moen mke wa mchungaji, na wote walianza na pole na kuishia Yuma. Saa tano mhariri, Wendell Ost, alikuja mwenyewe, kofia mkononi, na hakutaka kukaa.

"Nimepigiwa simu ishirini na mbili, Ardis. Watu wamekasirika. Wanataka masahihisho."

"Simu ngapi kuhusu mkono wangu?"

"Kila mtu anakupa pole."

"Sijauliza hivyo, Wendell. Ngapi?"

Wendell aliizungusha kofia yake. "Mbili," alisema. "Elewa, mama. Kama Yuma ni uongo, watu watajuaje kwamba Selma Tveit kweli alipata wageni?"

Ardis alimtazama, na hasira aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko ile ya jikoni, ila haikuwa na kitu cha kumwaga. Miaka thelathini na mmoja aliwaandikia kwamba wanapendana. Waliamini. Walikuwa wamesoma majina yao kila Alhamisi wakaona ni watu wazuri, na yeye ndiye aliyewaandika hivyo, kwa mkono huu uliovunjika.

"Nitasahihisha," alisema. "Lakini utachapa kama nitakavyoandika, bila kugusa neno. Vinginevyo safu mtafute mwingine."

Wendell, mwenye simu ishirini na mbili masikioni, akakubali kabla hajafikiri. Ardis akaazima taipureta ya shule na kuandika kwa kidole kimoja cha kushoto, mchana kutwa. Alhamisi tukaipata, ukurasa wa tatu, mahali pake pa siku zote:

"Masahihisho. Bi. Lorna Roske hayuko Yuma, kama tulivyoandika mwezi Machi. Bwana Duane Roske alisafiri maili elfu moja na mia nane kuhakikisha hilo, na aliporudi alimvunja mwandishi wenu mkono kwa taipureta, kama alivyomtoa mkewe jicho kwa mnyororo mwaka jana. Majina ya watu kumi na mmoja waliomwandikia hakimu kwamba yeye ni mtu mwema yanafuata hapa chini. Bi. Roske alipo mwandishi anapajua, wala hatapaandika. Jumapili Bwana Harald na Bi. Selma Tveit walipata wageni watatu kutoka Minot, wakanywa kahawa."